Faili Tupu za Nkoaranga

Sekei, Arusha
12 Mei 2003

Kaka Manase,

Tangu uondoke Januari hujaniandikia hata mstari mmoja, na mimi nilikuwa nimeapa sikuandikii mpaka uanze wewe. Nimevunja kiapo kwa sababu nina hasira na sina mwingine wa kummwagia. Dada yako Elinaza kapita ofisini na ndizi zake, kasema barua utaipata jioni. Basi soma.

Kwanza ujue ulivyoniachia kiti. Kibodi yako nilipoigeuza ilidondosha makombo ya mihogo na mende mmoja aliyekauka. Choo hakina maji wiki ya tatu sasa. Bwana Nasri, bosi wetu mtukufu, anakatia kucha zake juu ya skana. Juu ya kile kioo tunacholazia karatasi za watu, kaka. Nimezifuta kwa kitambaa changu mwenyewe, na kitambaa nikakitupa.

Sasa jambo lenyewe. Tarehe 30 Juni wilaya inachapa orodha ya mwisho kutoka kwenye ukurasa wetu. Shamba kubwa la shirika linauzwa kwa mwekezaji, na kila familia yenye kipande pembezoni mwake lazima karatasi yake ya ugawaji ionekane kwenye kompyuta. Isipoonekana, kipande kinahesabiwa ni cha shamba kubwa, na mwekezaji anakichukua na migomba yake. Familia ni 412. Ukurasa uliouandika wewe unaonyesha zote 412, kila moja na neno la kijani pembeni: Ipo.

Ijumaa alikuja Mzee Yoeli wa huko kwenu, namba 361. Ile karatasi yake halisi ofisi iliichukua mwaka jana, baadaye akapewa kikaratasi kilichochapwa hilo neno Ipo. Akataka aione tu kwa macho. Nikabonyeza, printa ikatoa karatasi nyeupe. Nikarudia, ikatoa nyeupe nyingine. Mzee akaigeuza mbele na nyuma, akaniuliza kwa upole kama maandishi hutokea baadaye ikikauka. Nikamwambia wino umekwisha. Nimemdanganya mtu wa umri wa babu yangu na tangu siku hiyo sijisikii vizuri.

Programu hii ya PHP umeiandika wewe, na mimi umenifundisha wewe. Niambie: hilo neno Ipo linatoka wapi? Programu inauliza nini hasa?

Mfikishie mama shikamoo yangu.

Batuli


Nkoaranga
16 Mei 2003

Dada Batuli,

Barua yako imenifikia ikiwa na utomvu wa ndizi, nimeisoma mara mbili. Pole kwa mende. Mihogo nakubali ni yangu.

Nikujibu kama zamani pale ubaoni. Ukurasa ukifunguliwa, programu inachukua namba ya familia, inatengeneza jina la faili, kisha inaiuliza diski swali moja kwa amri ya file_exists: je, kuna kitu chenye jina hili? Diski ikisema ndiyo, tunaandika Ipo. Ikisema hapana, tunaandika Haipo. Haifungui faili wala haisomi kilichomo, na ndiyo maana inamaliza familia 412 kabla hujapepesa jicho.

Kwa hiyo tatizo lako litakuwa kwingine. Angalia herufi: kwenye seva yetu jina la herufi kubwa na lile la herufi ndogo ni faili mbili tofauti. Angalia ruhusa za folda. Tena PHP ina tabia ya kukumbuka jibu la kwanza, ukiiuliza tena inaweza kukurudishia lile lile bila kwenda kwenye diski, kwa hiyo tanguliza clearstatcache. Pitia moja moja, taratibu. Usikimbilie kumsumbua Bwana Nasri.

Huku kuna matope na kahawa. Chama cha ushirika kimelala, na wanunuzi binafsi wanapanda na pikapu zao. Mmoja juzi alitia mkono kwenye gunia la jirani yetu, akanusa, akatema mate kando ya mguu wa mwenye kahawa. Huo ndio uhuru wa soko tuliohubiriwa. Nilimtazama nikachukia hata kusimama karibu naye.

Mama anakohoa lakini anapalilia. Watu wananiuliza habari za orodha baada ya ibada, nami nawaambia kazi iko kwenye mikono yako.

Kaka yako,
Manase


Sekei
22 Mei 2003

Kaka Manase,

Siku mbili nimepitia herufi kubwa na ndogo kama karani wa mahakama. Herufi ni safi. Ruhusa ni safi. Hiyo clearstatcache nimeiweka, ikajibu Ipo, Ipo, Ipo, kama kasuku aliyevimbiwa. Siku ya tatu nikaacha kuuliza kama faili ipo. Nikauliza ina ukubwa gani. Amri yenyewe ni filesize, na iko ukurasa wa pili wa lile daftari ulilonipa. Sijui kwa nini mwalimu wangu hakunielekeza huko.

Faili sitini na tatu zina sifuri. Hazikuharibika, kaka. Ni majina matupu yaliyosimama kwenye diski bila chochote ndani. Halafu nikatazama zilitengenezwa lini. Zote ni Ijumaa, tarehe 8 Novemba 2002, saa tano na dakika kumi na saba asubuhi. Watu sitini na tatu hawawezi kupitishwa kwenye skana kwa dakika moja, hata kama skana ingekuwa haina kucha za Bwana Nasri.

Tena sikiliza hili. Zote sitini na tatu ni za Nkoaranga. Za Lemara kamili, za Sekei kamili, za kwenu tu ndizo tupu. Mpaka wa mwekezaji si unapita hapo juu ya kijito chenu? Mtu ameingia humu akachagua kijiji kimoja akakifuta. Nilimwendea Bwana Nasri, alikuwa anachokonoa meno kwa kipande cha bahasha ya ofisi, akaniambia nirudi kwenye kiti changu.

Sikutaka kuandika haya, lakini namba 288 imo. Ni mama yako.

Karatasi halisi ziko kwenye maboksi, stoo ya Lemara. Nitakwenda kuzifuata tuziskani upya. Lakini niambie: tarehe 8 Novemba mimi nilikuwa sijaajiriwa. Nani alikuwa na nywila siku ile?

Batuli


Nkoaranga
26 Mei 2003

Dada Batuli,

Nakuandikia kwa haraka, Elinaza anasubiri na mkungu kichwani.

Nywila ilikuwa na watu wengi. Unakumbuka ofisi ile ilivyokuwa, iliandikwa kwenye ukuta karibu na swichi. Pengine ni umeme ulikatika wakati wa kuhifadhi. Pengine ni hilo unalolisema la mwekezaji. Nimewadokeza wazee wawili, nao hawakushangaa hata kidogo. Jumapili kulikuwa na maneno makali nje ya kanisa, vijana wanasema wakiona gari la wapima ardhi watalitoboa matairi. Watu wana uchungu.

Nakuomba mambo mawili. Usiubadilishe ukurasa kwanza, uache unavyosoma mpaka nishuke tuongee. Na usihangaike na Lemara, ni mbali na stoo ile ina panya.

Mama hajui kitu. Usimtaje kwa mtu.

Manase


Sekei
31 Mei 2003

Manase,

Nilikwenda Lemara.

Stoo haina maboksi. Tangu Februari Bwana Nasri amempangisha mfanyabiashara wa mitumba, na mitumba imejaa mpaka dari, inanuka jasho la watu tusiowajua na dawa ya nondo. Mlinzi kaniambia makaratasi yalikuwa yanaziba njia, wakamgawia mama wa vitumbua wa pale kona. Nikaenda kona. Mama yule anaitwa Swabaha, mtu mwema. Nilikuwa na njaa, nikanunua viwili. Nilikuwa nimekula kimoja na nusu, ndipo nikaona chini ya mafuta, kwenye karatasi niliyoshika, jina la Mzee Yoeli na muhuri wa mwaka 1974.

Nilitapika pale pale kando ya mtaro. Swabaha akadhani ni vitumbua vyake, maskini, akaniletea maji. Nilipomweleza alikaa chini akashika kichwa. Amekuwa akifunga chakula kwa mashamba ya watu miezi mitatu na hakuna aliyemwambia. Akanipa yote yaliyobaki kwenye kapu lake. Karatasi za wale waliokwisha kuskaniwa sikuzihesabu. Za Nkoaranga nimepata ishirini na mbili, nyingine zina madoa lakini zinasomeka. Nimeziskani usiku huo huo. Arobaini na moja zimekwenda matumboni na jalalani. Ya mama yako sikuiona. Nilitafuta mpaka chini ya jiko.

Nikarudi ofisini nikamwambia Bwana Nasri kwamba yeye na mwekezaji wake wamekula kiapo cha kuwanyang'anya maskini. Alicheka, Manase. Alicheka mpaka akafuta macho. Akasema siku ile wageni wa wilaya walikuwa wanakuja saa sita kuona kazi, na ukurasa ulikuwa na Haipo nyekundu chungu nzima chini yake. Akaniambia hivi:

"Mwalimu wako alinisafishia kwa dakika moja. Kijana yule ana akili. Muulize yeye, usinisumbue mimi."

Nakuuliza. Na usinijibu habari za umeme.

Ukurasa nimeubadilisha. Sasa hautosheki na jina, unauliza na ukubwa, na wale arobaini na moja wanasomeka Tupu kwa herufi nyekundu. Bwana Nasri amenipa mpaka Jumatatu ya tarehe 9 niurudishe ulivyokuwa.

Batuli


Nkoaranga
5 Juni 2003

Batuli,

Ni mimi.

Nilianza barua hii mara nne nikitafuta pa kuanzia, na hakuna pengine. Ni mistari mitatu tu ya programu. Kwa kila namba, uliza kama faili ipo, kama haipo, itengeneze tupu, endelea. Nilijua amri ile inaridhika na jina peke yake. Ndiyo maana niliitumia. Wageni walikuja, wakaona kijani juu mpaka chini, wakapiga makofi, na mmoja alinishika bega. Nilinywa soda yao.

Unataka kujua kwa nini ni Nkoaranga tu. Hakuna aliyetuchagua. Nilipoanza kuskani niliogopa watu wa ofisini waseme Mmeru anatanguliza kwao. Basi karatasi za nyumbani niliziweka chini kabisa ya rundo, na ya mama nikaiweka karibu na mwisho, nikajiona mtu wa haki. Siku ile ilipofika nilikuwa nimewamaliza wote isipokuwa watu wangu.

Nilikusudia kuzimalizia Jumatatu. Jumatatu hakukuwa na umeme. Jumanne nikakuta maboksi hayapo, Bwana Nasri ametazama ukurasa, ameona kazi imekwisha, ameyapeleka Lemara. Nikamwomba ufunguo. Akaniuliza ufunguo wa nini na zote zipo. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Nikasema, sawa bosi.

Januari niliwaambia nimeacha kazi kumuuguza mama. Mama alikuwa mzima. Ulipoandika barua ya kwanza nilijua tangu neno nyeupe, nikakupeleka kwenye herufi kubwa na ndogo makusudi, uchoke. Na hili la mwekezaji ulipolileta nililipokea kama mtu aliyetupiwa kamba. Sasa vijana wamekwisha kumpiga mpima ardhi mmoja, kijana wa watu aliyeajiriwa tu kushika utepe. Amelazwa. Nilikwenda nikamtazama kupitia dirisha, sikuingia.

Najichukia. Sikuombi unihurumie. Niambie tu kama kuna kitu kinaweza kufanyika bila watu wa hapa kujua ni mimi.

Manase


Ngarenaro
9 Juni 2003

Manase,

Angalia juu, anuani imebadilika. Hapa ni nyumbani. Ukurasa sikuurudisha, na leo asubuhi Bwana Nasri amenifukuza mbele ya wateja. Kabla ya hapo nilikuwa nimeinakili orodha kwenye disketi nikaificha ndani ya ushungi. Nimeipeleka wilayani mwenyewe.

Barua yako nimeisoma nikaenda kunawa mikono. Sijui kwa nini, lakini ndivyo nilivyofanya. Ulinifundisha kila ninachokijua, na mwezi mzima umeniacha nipekue diski kama mwehu huku jibu unalo. Bwana Nasri ni uchafu anaoukata kwenye vidole vyake hadharani, kila mtu anauona. Wewe ulikuja na shati lililopigwa pasi.

Umeuliza kama kuna njia bila watu kujua. Hakuna. Nimekaa na afisa mmoja wa wilaya, mama mtu mzima, amenisikiliza mpaka mwisho. Amesema karatasi iliyopotezwa na ofisi wanaweza kuipokea kwa tamko. Lakini tamko liwe la yule aliyeipoteza, si la aliyesikia. Aandike alivyofanya, ataje kila jina, alisome mbele ya wenye mashamba, na kila mwenye shamba ajaze fomu mpya na kuweka sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi. Fomu arobaini na moja nimempa Elinaza pamoja na barua hii. Zina sehemu ya jina, mipaka, na mrithi. Wanazitaka kabla ya Ijumaa tarehe 27. Watanipa mashine yao niziingize.

Zisipofika, tarehe 30 wanachapa, na wale arobaini na moja hawamo. Unawajua wote kwa majina na kwa milango yao. Ukinyamaza safari hii hakuna diski ya kusingizia.

Kwa Elinaza sikusema neno. Nimekuachia.

Batuli


Nkoaranga
22 Juni 2003

Mwanangu Batuli,

Mimi ni Silantoi, mama yake Elinaza na Manase. Sijui kuandika, mkono huu ni wa Elinaza, maneno ni yangu. Marahaba kwa salamu zako zote, zinanifikia. Hatujaonana lakini nakushukuru kama niliyekuzaa.

Leo baada ya ibada Manase alisimama nje ya kanisa akasoma. Alisoma aliyoyafanya, akasoma majina yote arobaini na moja, na langu. Hakuna aliyempiga. Afadhali wangempiga. Watu walitazama chini, wakapanga mstari, wakaja mmoja mmoja kuweka dole gumba, na wino ulipokwisha walitumia masizi ya jiko la mchungaji. Mama wa yule kijana aliyetuma wenzake kumpiga mpima ardhi alikwenda hospitali moja kwa moja na uji kwenye chupa. Fomu zote zimejaa. Nimezihesabu kwa vidole, Elinaza akazihesabu kwa macho, tukapata sawa.

Tuliporudi nyumbani nilimwita Manase ndani nikafunga mlango. Kuna jambo hakulisoma pale kanisani, na wewe pia nadhani hakukwambia. Vile vikaratasi vya ofisi alivileta yeye mwenyewe huku mwezi wa kwanza. Alikwenda nyumba kwa nyumba kwa wale wasiojua kusoma, akawasomea. Mimi alinisomea jikoni, nimekaa kwenye kigoda, naosha vyombo. Akasema, mama, imeandikwa Ipo. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, naye akasema Amina. Nikamuuliza leo, siku ile ulikuwa unajua? Akasema alikuwa anajua.

Wezi nimewaona, mwanangu. Wazungu wa shamba waliondoka na ng'ombe wetu nikiwa msichana, shirika likaja likatunyima maji, na hawa wa soko wanatutemea mate. Hao wote niliwachukia nikalala usingizi. Leo nilitoka nje nikatapika kama ulivyotapika wewe Lemara. Barua yako hiyo Manase alitukabidhi leo, Elinaza akanisomea.

Sasa nikuambie la fomu yangu, usije ukadhani Elinaza amekosea. Kwetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya mama na shamba lake. Manase ndiye wa mwisho, na karatasi ya zamani ilimwandika yeye, mume wangu aliitaja kabla hajafa. Karatasi hiyo imekwisha kuliwa. Hii mpya nimesema kwenye mrithi iandikwe Elinaza, ambaye amebeba ndizi kichwani miaka kumi na tisa na hajanisomea uongo hata siku moja. Hakutaka kuandika mstari huo, alilia. Nilimsimamia mpaka akauandika. Wazee wawili wameweka sahihi pembeni yake, na mchungaji pia.

Basi uingize kwenye mashine kama ulivyo, kisha uniangalizie kama umeingia kweli, na jina na kilichomo.

Elinaza kesho ana kupalilia. Fomu na barua hii atazileta Manase. Bahasha sikuifunga.

Mama yenu,
Silantoi